Fundi wa Bafu la Nyuma

Fundi niliyemwita kwa siri alimaliza kazi kwa dakika kumi, na saba kati ya hizo alikuwa akinisimulia habari za goti lake. Baba alikuwa ameenda kunyolewa. Nilimwambia yule bwana afanye haraka, naye akainama kwenye bafu la nyuma, akaingiza waya kwenye tundu la maji, akauzungusha wee, akautoa ukiwa safi kama ulivyoingia. Kisha akatoka nje, akafukua udongo pale bomba linapotokea ukutani, akaweka pimamaji juu ya bomba, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Dada, hapa hakuna kilichoziba," akasema. "Bomba limepanda. Linatakiwa liyashushe maji kwenda kwenye chemba ya maji machafu, hili linayapandisha. Ndiyo maana yanasimama bafuni. Nani alilitandaza?"

"Fundi mmoja tu," nikasema.

"Fundi, au muuza nyanya?"

Nilimlipa chake nikamsindikiza mpaka barabarani, nihakikishe ameondoka kweli na lile goti lake. Kisha nikarudi kukaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, nikajishika tama. Aliyelitandaza bomba lile ni baba yangu.

Baba amefanya ufundi bomba kwa miaka arobaini. Ametandaza mabomba ya maji taka kwenye shule, kwenye nyumba za wageni, na kwenye maghorofa ambayo mimi hata getini nisingeruhusiwa kusimama. Kila mgeni akiingia kwetu, kabla hajapewa maji ya kunywa, ataambiwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwita baba mara ya pili kwa kazi ileile. Alipohamia kwangu miezi minane iliyopita alikataa kuoga kwenye bafu la ndani. Alisema mtu mzima hawezi kujipaka sabuni huku sidiria za binti yake zinamning'inia usoni. Akajijengea bafu lake nyuma ya nyumba, lenye bomba la mvua na vigae vya kijani, nalo likatoka zuri kiasi kwamba na mimi nikahamia humohumo.

Sasa jirani yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Saluni, alikuwa anajenga saluni mpya yenye masinki sita ya kuoshea nywele. Kazi yote ya mabomba alikuwa amempa baba, na ilikuwa ianze Jumatatu. Tangu aipate kazi ile, baba alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anaamka kabla yangu. Alipiga pasi ovaroli lake, ovaroli jamani, akalitia na mkunjo wa mbele. Kabla ya hapo alikuwa anashinda sebuleni akiniuliza leo ni siku gani, mpaka nikamnunulia kalenda, naye akaniuliza kalenda ni ya nini. Niliona ni upweke tu. Mimi ni fundi cherehani, nashinda nimeinamia nguo za watu, na nilijiambia mzee akipata kitu cha kumshughulisha atakaa sawa.

Kwa hiyo nilikuwa njia panda. Nikimwambia bomba limepanda, Jumatatu hatakwenda. Namjua baba yangu: atazitia spana zake kwenye gunia, alifunge kamba, na yeye mwenyewe arudi kwenye kile kiti cha sebuleni. Nisipomwambia, anakwenda kutandaza mabomba ya masinki sita ya watu. Nikajipa moyo kwamba lile lilikuwa kosa moja tu. Siku ya kulitandaza jua lilikuwa kali, alikuwa amechoka, na mimi nilimpigisha domo muda wote. Nikapanga kwamba akishaenda saluni Jumatatu, nitamrudisha yule bwana wa goti alitandaze bomba upya, na baba asijue.

Kilichonitia wasiwasi ni kwamba baba alikuwa amekwisha kulalamikia yale maji. Alisema Jumamosi atayashughulikia mwenyewe. Basi Ijumaa jioni nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso. Nilikusanya nywele zote zilizokuwa kwenye kitana changu, nikaongeza na rasta za zamani nilizokuwa nimezifumua, nikazishindilia kwenye lile tundu kwa mpini wa mwiko. Nilitaka akitafuta uchafu aupate, afurahi, tuishie hapo.

Jumamosi asubuhi alivaa ovaroli lake lenye mkunjo, akapiga magoti, akaingiza waya aliokuwa ameupinda ncha. Mara ya kwanza tu akavuta fungu la nywele refu kama mkia wa farasi.

"Haa! Jambazi wetu huyu hapa!" Akaliinua juu, maji yakimchuruzika mkononi. "Mwanangu, huko kichwani kumebaki kitu kweli?"

"Kidogo, baba."

"Ungeniambia tu kama unataka upara, kinyozi wangu hana bei."

Tulicheka wote wawili, na mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Baba akavuta mafungu mengine mawili, akanawa mikono, akachukua ndoo ya maji akaimimina yote sakafuni. Tukasimama mlangoni kutazama. Maji yakazunguka kidogo kwenye tundu, yakatulia. Yakabaki vilevile, yamefunika vigae vyote, na povu juu.

"Yatashuka tu, baba," nikasema. "Mimi sina haraka."

"Wewe huna haraka, maji ndiyo yanatakiwa yawe nayo." Alikuwa ameacha kucheka. "Hili si la nywele. Twende nje."

Nikaanza kutapatapa. Nikasema chai inapoa. Nikasema huko nje kuna matope. Nikasema kuna mteja anakuja kujaribu gauni, na angekuja huyo mteja ningemkumbatia. Baba hakunisikiliza hata moja. Alizunguka nyumba na mfuko wake wa vifaa, akafika pale bomba linapotokea ukutani, akasimama.

"Nani amefukua hapa?"

"Kuku."

"Sisi tuna kuku?"

"Wa jirani."

Akanitazama, akatazama udongo uliokatwa kwa jembe vizuri kabisa, akaamua kunisamehe. Alifukua mpaka bomba lote likaonekana, kama hatua sita hivi, toka ukutani hadi kwenye chemba kwenye kona ya nyumba. Karibu na ukuta kulikuwa na mdomo wa kufungulia bomba, ule ambao fundi mwangalifu huuweka kwa ajili ya kusafishia. Akaufungua. Kisha akatoa mfukoni gololi. Baba huwa haamini kazi yake mpaka gololi ipite. Ukiitia mwanzo wa bomba nayo ikafika mwisho yenyewe bila kusukumwa, mteremko ni mzuri. Nimekua nikisikia gololi hiyo ikigonga kwenye mabomba ya watu.

"Nenda pale kwenye chemba," akaniambia. "Kinga mkono. Ikifika unaniambia."

Nikaenda pale kwenye kona. Toka hapo kona ya ukuta ilituziba, tukawa hatuonani. Nikapiga magoti, nikakinga mkono kwenye mdomo wa bomba, utadhani mimi ndiye ninayesahihishiwa mtihani. Nikasikia gololi ikiguswa upande wa pili. Ikaviringika kidogo. Kisha kimya.

"Imefika?" baba akauliza.

Nilijua haijafika na haitafika.

"Imefika, baba! Nimeidaka!"

Nikasikia viatu vyake vikija taratibu, akatokea kwenye kona, akanyoosha kiganja mbele ya uso wangu. Gololi ilikuwa katikati ya kiganja.

"Imenirudia mimi," akasema. "Sasa wewe umedaka nini?"

Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, nikimwambia nimenawa miguu na huku matope yapo magotini. "Kwa nini unanidanganya, mama?" akauliza. Huwa ananiita mama akinionea huruma.

Akarudi kwenye bomba. Akachukua pimamaji, akaifuta kioo kwa kidole gumba, akailaza juu ya bomba. Akasoma. Akaigeuza mbele nyuma, kama chombo chenyewe ndicho kinachosema uongo, akasoma tena. Kisha akalipapasa bomba kwa mikono miwili toka ukutani mpaka kwenye kona, pole pole, akaingiza vidole chini yake na kutoa udongo.

"Jiwe hili," akasema, "lilitakiwa liwe chini ya upande ule wa ukutani, liunyanyue. Limewekwa upande huu wa chemba. Basi. Ameligeuza bomba zima kwa jiwe moja."

Aliligundua kosa lote kwa muda mfupi kuliko yule bwana wa goti. Nilikuwa nimeshachuchumaa kando yake. Nilikuwa nimeandaa maneno: kwamba kila fundi hukosea, kwamba hata mimi nimewahi kushona suruali ya bwana harusi miguu yote ikawa ya kushoto, kwamba kosa moja katika miaka arobaini si kitu. Nikamshika mkono.

"Baba," nikaanza, "usijali, hata mimi..."

"Nani alifanya kazi hii?"

Nikadhani anajisuta. Nikadhani ni maneno ya mtu aliyeumia. Nikainua macho nimtazame, nikaona anasubiri jibu. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, wa mtu anayeuliza kitu asichokijua.

Nilimshikia bomba lile mimi mwenyewe akilipaka gundi. Siku ile alikuwa ameweka redio juu ya ndoo, akawa anaigombeza kila ikikwaruza. Nilimletea hata jiwe lenyewe, alinionyesha kwa kidole akasema lile pale, lete. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji mtu aliyeaibika. Kwa hili sikuwa nimejiandaa, na niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu nizaliwe.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulimwita fundi gani?"

"Mtu mmoja, baba." Nikauachia mkono wake. "Mzee mmoja."

"Mzee?" Akatikisa kichwa. "Basi ndiyo vibaya zaidi. Angekuwa kijana ungesema bado anajifunza. Ulimlipa?"

"Hakutaka malipo."

"Angeyatakaje!" Akajikung'uta magoti, akasimama kwa kushika ukuta. Kisha akakumbuka jambo, na uso wake ukabadilika. "Huyu mtu anakaa karibu na hapa?"

"Karibu."

"Mama Saluni aliniambia anatafuta fundi wa pili tusaidiane Jumatatu. Asije akampata huyu. Nenda kamwambie."

"Baba, nitamwambia baadaye."

"Sasa hivi. Masinki sita, yakiunganishwa namna hii, wateja wake watasimama kwenye maji machafu na yeye atafunga biashara. Mwenye kazi lazima ajue. Mwambie mtu aliyetengeneza bafu letu asimpe kazi, hata akija kumlilia. Ukinyamaza utakuwa umemwibia mwenzio." Akanisukuma begani kidogo. "Nenda, mama. Mimi nitasimama hapa."

Na alisimama kweli, kwenye ua wa michongoma unaotutenganisha na kiwanja cha Mama Saluni, akinitazama ninavyokwenda. Sikuwa na pa kukatia kona.

Mama Saluni alikuwa ndani ya jengo lake lisilo na milango, anaandika kwa chaki ukutani mahali pa kila sinki. Miguuni pake palikuwa na viatu vya mpira, vipya, bado vimefungwa pamoja kwa uzi.

"Vya mzee hivyo," akasema kabla sijamsalimu. "Nimeona vyake vimetoboka. Unadhani vitamtosha?"

"Baba amenituma," nikasema. "Amesema mtu aliyetengeneza bafu letu la nyuma usimpe kazi hapa. Hata akija kukulilia."

Akacheka. Alidhani ni utani wa baba, maana baba na yeye hutaniana siku nzima kwenye ua ule. "Mwambie nimeshachelewa! Mimi si nilikuja mwenyewe siku ile anamalizia vigae? Kazi hii nimempa kwa sababu ya bafu lile lile."

Sikucheka. Yeye akaendelea kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Alinitazama mimi, akatazama nje kuelekea kwenye ua, akanitazama tena.

"Ni utani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa. "Bomba limepanda. Amelikagua mwenyewe sasa hivi, amelitambua kosa lote. Kisha ameniuliza nani alilitandaza."

Mama Saluni akakaa juu ya mfuko wa saruji. Chaki bado ilikuwa mkononi. Nje, baba akachoka kusubiri.

"Umemwambia?" akaita toka kwenye ua.

Mama Saluni akajifuta macho kwa mkono wenye chaki, akajikaza kisabuni.

"Ameniambia, mzee!" akajibu. "Nimesikia!"

"Haya, vizuri!" baba akaitikia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa hapo!"