Kijiko cha Kutolea Tairi

...na gundi haijakauka, naijua kwa kuitazama tu, inang'aa bado, na Bashiri muuza duka aliyeniuzia baiskeli hii alinifundisha mwenyewe, amechuchumaa mbele ya duka lake pale Mbulu mjini na kanzu ameikunja magotini, akasema Hermani, watu wengi wanaharibia hapa, wanabandika kiraka gundi ikiwa mbichi kwa sababu wana haraka, kiraka kinateleza, wakifika kona ya pili wako chini tena, wewe kwaruza kwa msasa, paka, halafu kaa, gusa kwa kidole, kidole kikitoka kikavu ndipo ubandike, na mimi nimekaa, baiskeli nimeipindua juu ya kiti na usukani wake, tairi la nyuma nimelitoa upande mmoja, mpira wa ndani umening'inia nje kama utumbo wa mbuzi, na pale kwenye nyasi nimeviweka vitu vyangu vyote kwa mstari, msasa, bomba la gundi, spana, pampu, mwiba wenyewe nilioung'oa, na vijiko viwili nilivyotolea tairi, kimoja kikubwa cha bati kilichopinda, kingine kidogo, na kile kidogo sikitazami, nimekiweka mwisho wa mstari na sikitazami, natazama gundi, saa moja na nusu nilitakiwa niwe nimeshaketi mbele ya mashine ya chapa bomani, kuna barua za kupunguza ng'ombe, nakala nne kila moja, karani mkuu atatoa saa yake mfukoni na kuitikisa, na atauliza na mimi nitasema pancha, na itakuwa kweli, mara hii itakuwa kweli.

Huyu mama angekwenda zake. Kwa nini haendi, amesimama hatua tatu kutoka hapa na mtoto mgongoni, alitokea kwenye kona wakati nimeuweka mpira shavuni natafuta tundu, maana upepo unaotoka hausikiki kwa sikio asubuhi ya baridi hivi, unausikia kwa shavu, akaniamkia kwa lugha ya kwetu, akajitaja kuwa ni Kornelia, ametoka Masieda, wamelala njiani kwa shangazi yake, mtoto ana homa siku ya tatu, anampeleka hospitali, na nikaitikia vizuri, nikamwuliza habari za huko, mvua, ng'ombe, nikauliza kila kitu ila sikumkaribisha kukaa, na yeye akaitazama keria, nilimwona, macho yalikwenda kwenye keria kabla ya mdomo kufunguka, akasema, "Kaka, baiskeli yako ikipona, utatuchukua?" na mimi nikasema tuone kwanza kama kiraka kitashika, tuone kwanza, hayo ndiyo maneno yangu siku zote, keria ninayo, madhubuti, nati zote nne mpya, inabeba gunia la mahindi haitikisiki, ningesema ndiyo, ningesema hapana, nikasema tuone kwanza. Zamani nilikuwa na nati tatu. Siku ile nati ya nne ilikuwa imeanguka sijui wapi, keria inacheza, na Scolastica mke wangu amesimama mlangoni na mtoto kifuani akasema baba Alfredi, mtoto hapumui vizuri, tupakie tukafike hospitali, mimi nitakaa nyuma nimshike, na mimi nilikuwa nimeshavaa vibanio vya suruali, nimeshika usukani, nikasema keria imelegea, utaanguka naye, leo nitanunua nati, nitampeleka kesho, na ilikuwa imelegea kweli, sikusema uongo, lakini ningeweza kuikaza kwa waya, ningeweza kuisukuma baiskeli kwa mkono na yeye amekaa juu, ningeweza kuiacha baiskeli ukutani na kumbeba mtoto kwa miguu, miguu ninayo, babu yangu alitembea mpaka Arusha na kurudi, lakini nilikuwa nachelewa, karani mkuu na saa yake... na jioni nikapita kwa Bashiri nikanunua nati, na kwa kuwa nilikuwa pale nikaangalia taa za dinamo zilizokuja, akanifungia moja, tukageuza gurudumu kwa mkono tuone inavyowaka, tukacheka, mimi nilicheka, nilisimama pale nacheka kwa taa, halafu nikapanda kurudi kwetu Tlawi, taa inawaka mbele yangu na bado mchana haujaisha, napiga kengele kila kona ili watoto waione, na nilipofika karibu na nyumbani nikaona wanawake wamesimama mbali na nyumba, mbali, hakuna aliyekuwa ndani, wamesimama kwenye mpaka wa shamba, wananitazama, na nikaelewa kabla sijashuka, sikuhitaji mtu wa kuniambia, tumekua tukiona nyumba zinazotazamwa hivyo.

Kwetu tunaita metimani, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya hujitenga, baba na mama hawaingii kwa mtu, hawachoti maji pamoja na wengine, ng'ombe wao hawachanganywi na wa jirani, moto wao hauombwi, chombo chao hakitoki nje kikaguswa na mtoto wa mtu mwingine, mpaka muda upite na mji usafishwe, na mimi nimesoma, nimebatizwa, pale misheni tulikuwa tunawacheka wazee kwa mambo haya, basi nikamwambia Scolastica wewe kaa, mimi nina kazi ya serikali, haiwezi kungoja mwaka, na nilisema kwa sauti ya mtu anayejitwisha mzigo, kumbe nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwa na pa kwenda. Bomani nikasema nina msiba wa mtoto wa ndugu, wakanipa siku tatu. Mtoto wa ndugu. Mwezi wa tatu sasa natoka alfajiri, napita njia ya chini ya korongo ili majirani wasilazimike kunikwepa, na wao wakisikia kengele wanaacha njia wenyewe, wanashuka shambani na kugeuza uso, kengele ile ile iliyowaleta watoto wakikimbia sasa inawaondoa, halafu nikishavuka kijito nakaza vibanio na kuwa mtu mwingine, nanyooka, napiga mluzi, mjini nakunywa chai katika vikombe vya watu, naazimana pampu na Joakimu wa posta, juzi nilimpakia binti wa mwalimu mpaka shuleni, na hakuna aliyejua, na hakuna lililompata, nimeuliza, nimezunguka na kuuliza kwa ujanja, hajambo, anacheza, lakini kama siamini ni kwa nini nilikwenda kuuliza.

Mtoto wake anakohoa. Ni kikohozi kidogo kikavu, na mama amemshusha mgongoni, amekaa kwenye nyasi sasa bila kukaribishwa, anamnywesha maji kwa kibuyu, na mdomo wa kibuyu ni mpana, maji yanatoka mengi, mtoto anapaliwa, ananikazia macho mimi, ni wa kike, umri ule ule, labda amezidi mwezi, ana kofia ya sufu nyekundu iliyofumwa na masista, na jasho limekaa juu ya mdomo wake kama lilivyokuwa limekaa... gusa gundi. Bado. Inavuta kidole. Kama ningekuwa na vile vyuma vyenyewe vya kutolea tairi nisingehitaji vijiko, kimoja kilivunjika wakati wa masika, nikatumia kijiko kikubwa, lakini lazima viwe viwili, kimoja kushikilia kingine kuzungusha, na wiki iliyopita nilikuwa natoka alfajiri, nikapapasa juu ya kabati, mkono ukakuta kijiko kidogo, kizito, cha chuma kizuri, tulichopewa na mama mlezi wa ubatizo, mpini wake mnene haupindi, nikasema hiki kitafaa, nikakitia katika kimfuko cha ngozi nyuma ya kiti pamoja na spana, kifaa tu, nilijiambia ni kifaa tu, na jioni nikamkuta Scolastica ametoa vyungu vyote nje, anachambua majivu ya jikoni kwa vidole, akaniuliza umekiona kijiko cha mtoto, nikasema sijakiona, akaendelea kuchambua, majivu mpaka kwenye viwiko, na mimi nikaisimamisha baiskeli ukutani, kimfuko kikiwa pale pale, hatua mbili kutoka mgongoni kwake, nikasema sijakiona. Kwa nini. Ningeweza kusema ninacho. Ni kwa sababu angeuliza ulikuwa nacho wapi, ningesema njiani, mjini, nimekitoa nje ya nyumba, na pia kwa sababu... sema tu, hakuna anayekusikia... kwa sababu kila siku nikifika kwenye mteremko huu naachia pedali, nanyoosha mkono nyuma, nakipapasa ndani ya ngozi, na hiyo ndiyo njia pekee niliyobaki nayo ya kumbeba.

Mkono wake. Mama huyu ananyoosha mkono, ameona vijiko, anasema jambo, sikulisikia lote, anasema angalau nimpe matone matone, anasema nitakifuta, anasema kaka nakiomba kidogo, na mkono unapita kile kikubwa kwa sababu kina mafuta ya cheni, unakwenda kwenye kile kidogo, na nina muda, ni ajabu muda nilio nao, naona kucha zake, naona bangili, naweza kunyamaza, ni kijiko tu, kimechemshwa mara ngapi, binti wa mwalimu anacheza, na nikinyamaza huyu mtoto atakunywa maji na kiraka kitashika na nitawafikisha hospitali na nitakuwa mtu mwema, watasema karani mwenye baiskeli alitusaidia, tuone kwanza, tuone kwanza, lakini huyu mama ni wa kwetu, angekuwa yeye ndiye aliyefiwa na mimi nisijue, angekuwa Scolastica amekaa hapa na mtoto wake anaungua homa na mwanamume mwenye kola nyeupe akanyamaza...

"Mama, kiache," nasikia sauti yangu, nzito, sijui imetoka wapi, "nyumba yangu imefiwa na mtoto. Alikuwa ananyonya. Hicho kijiko ni chake."

Na mkono unasimama juu ya nyasi, haujagusa, halafu unarudi, polepole, hapigi kelele, hanilaani, anamwinua mtoto, anachukua kibuyu chake, anavuka barabara na kukaa upande wa pili, anageuka kidogo kama walivyogeuka majirani, na kumbe nilikuwa sijawahi kuwatazama majirani, nilidhani wananipa mgongo, huyu sasa namwona vizuri, hajanipa mgongo, amekaa mahali anapokaa mtu anayejua una nini, barabara tupu katikati yetu na ni kama amenipisha nipite na mzigo, miezi mitatu nimekunywa chai na watu wasiojua na hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu nami kama huyu mama ng'ambo ile. Gundi inang'aa. Sasa ataondoka kwa miguu na mtoto ana homa, na ukweli wangu utakuwa umemchelewesha kama nati ilivyomchelewesha yule, hilo nalo litakuwa juu yangu.

"Aliitwa nani," anauliza kutoka ng'ambo.

Hakuna aliyeniuliza. Bomani wasingeuliza jina la mtoto wa ndugu. Nasema Alfredi, na jina linatoka limepasuka katikati, nalisema tena ili litoke zima. Anauliza kama alikuwa ameota meno. Nasema mawili, ya chini, na ninaonyesha kwa kidole chenye gundi, kama mjinga, kwenye mdomo wangu mwenyewe, na hapo machozi yanakuja, ya kwanza, siyafuti kwa sababu mikono ni michafu, na yeye anamkingia mtoto wake maji kwenye kiganja, tone, tone, kumbe kiganja kilikuwepo muda wote, na hasemi pole, ananiacha nilie mpaka ninyamaze, halafu anasema, akimtazama mtoto wala si mimi, "Gundi ikikauka uniite. Nitambeba mgongoni mwenyewe, wewe usimguse. Lakini ni mbali, na anaungua homa sana."

Nasema sawa mama. Amejua, na amechagua mwenyewe, Scolastica sikumwachia achague. Nitawafikisha, nitasukuma mlimani na kushikilia breki mteremkoni, halafu nitakwenda kwa karani mkuu na kumwambia si mtoto wa ndugu, atatikisa saa yake, aitikise, na kama kazi haingoji basi isingoje, nitageuza baiskeli kabla ya mchana kurudi Tlawi, kengele sitaipiga, nitaiegemeza ukutani na kuitoa akilini, nitakaa pale alipokaa yeye peke yake miezi mitatu, jikoni, kwenye majivu, na kabla hajaniuliza kwa nini nimerudi mapema nitamwambia ninacho, nilikuwa nacho tangu siku ile. Nakichukua kutoka mwisho wa mstari. Kina alama nyeusi ya mpira kwenye mpini, na sehemu ya kuchotea haina kitu, ni kidogo, nilikuwa nimesahau kilivyo kidogo. Nakifuta kwa upande safi wa shati, nakitia mfuko wa juu, si kimfuko cha spana. Ng'ambo ya barabara mtoto amenyamaza, anatazama gurudumu la mbele likizunguka peke yake kwa upepo. Nagusa gundi. Bado mbichi. Nakaa.