Gari Irudi Safi

Ufunguo uligonga ubao wa mlango mara moja, halafu ukanyamaza. Kulikuwa hakujakucha. Bibiane, akiwa bado kitandani, alisahau kidogo kwamba huu ni mwaka wa nne tangu mumewe afariki. Alidhani ni Gaston anautoa ufunguo kwenye msumari wake, kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yao, aende kupasha gari moto kabla ya shule. Kisha akasikia kandambili za Priscille, mjukuu wake, akakumbuka. Leo gari la marehemu linaondoka na mtu wasiyemjua.

Fundi ndiye aliyewaambia wazi: gari lisilotembea hufa likiwa limesimama. Panya walikwisha kuanza kutafuna nyaya. Ndipo Priscille akamweleza bibi yake habari za kundi moja kwenye simu, watu wa Bukavu wanaokodishiana magari yao wenyewe, siku moja au mbili, kwa mkataba na picha.

"Na mutu akiipindua huko kwenye milima ya Ngomo?" Bibiane aliuliza.

"Koko, njo maana tunaandika. Kitambulisho anaacha, mashahidi wawili, makwaruzo yote iko mu picha," Priscille alimjibu bibi yake.

"Babu yako hakuandikaka kitu."

Ni kweli. Gaston alikuwa mwalimu, na gari lake lilikuwa la mtaa mzima wa Muhumba. Lilibeba maharusi, lilibeba wajawazito, lilibeba maiti. Lilirudi na matope hadi madirishani, lakini buti haikurudi tupu hata siku moja: ndizi, mihogo, na mara moja kuku aliyekuwa ametaga juu ya tairi la akiba. Tena mara moja lilirudi bila taa ya mbele, na aliyeliazima akapita njia nyingine miezi mitatu. Gaston alicheka tu, akanunua taa.

Kilichobaki cha Gaston humo ndani kilikuwa chaki. Alikuwa akitoka darasani na vidole vyeupe, akishika kitambaa cha dari ili ajivute atoke, na alama za vidole vinne zilibaki pale. Jumapili baada ya misa Bibiane aliketi kiti cha abiria, akazitazama kidogo, akashuka. Hakumwambia mtu. Kitu kama hicho unakiandika wapi kwenye mkataba?

Kulipopambazuka alifika Jean-Marie, muuguzi kutoka Kasha, pamoja na mama yake, Domitille. Walikuwa wakienda Sange kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake Jean-Marie, na magoti ya mama yalikuwa yamekataa kukunjwa ndani ya basi. Bibiane aliwapa chai. Wale wanawake wawili walizungumza habari za magoti mpaka Jean-Marie akakohoa kwa adabu. Priscille akasoma mkataba. Kipengele cha tano kilisema: gari irudi safi, ndani na nje. Bibiane akatia sahihi na wengine.

Gari lilitakiwa kurudi Jumapili jioni. Mvua ikanyesha, simu ya Jean-Marie haikupatikana. Priscille alihesabu picha zake za makwaruzo. Bibiane alihesabu shanga za rozari, na katikati ya Salamu Maria aliziona akilini zile alama za vidole vinne chini ya korongo.

Jumatatu asubuhi gari likaingia, zima, liking'aa kama sahani ya harusi.

"Mutusamehe, Maman. Barabara ilikatika, tukalala Kamanyola. Na mbele ya kuileta nimeiosha mwenyewe, saa tatu nzima. Hata dari."

Bibiane alifungua mlango. Dari ilikuwa safi. Aliketi kwenye kiti cha abiria, mikono mapajani, akapatazama pale palipokuwa na alama za vidole.

"Kuna kitu nimeharibu?" Jean-Marie aliuliza polepole.

"Iko safi kabisa," Priscille akajibu, akimtazama bibi yake bila kuelewa.

Bibiane aliikumbuka sahihi yake mwenyewe chini ya kipengele cha tano. Kijana alikuwa amesugua kwa muda wa saa tatu, kwa heshima tupu. "Hapana, baba," alisema. "Umefanya vile tuliandika."

Jean-Marie hakuridhika, lakini akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa vizuri. "Hii ilikuwa chini ya kiti. Nilitaka kutupa, maman yangu akakatala. Alisema mu gari ya mutu hautupi hata uchafu, hauwezi jua."

Ndani kulikuwa na vipande vitano vya chaki na kifungo cha shati. Bibiane alivigeuza kiganjani taratibu, kimoja kimoja, mpaka vidole vyake vikawa vyeupe. Hakuvipangusa.

"Na mu buti kuko muchele ya Sange," kijana aliongeza kwa haya. "Maman yangu alisema gari ya kukopa hairudiake tupu."

Bibiane akacheka, na macho yake yakalowa palepale. "Nani alimufundisha hiyo?"

"Njo vile yeye anaishi, Maman."

"Umuambie akuje tena. Si juu ya gari. Tutamaliza ile habari ya magoti."

"Atakuja namna gani? Bisi hawezi."

Bibiane alimpa Priscille ufunguo. "Wewe, siku ya ine utaenda kumuchukua Kasha na gari. Na wewe, baba, umuambie ninamungojea. Akuje tena."