Koti la Papa Mukuka

Siku ya kumzika Papa Mukuka, wanaume wa mtaa wa Kasungami walishindwa kukubaliana kuhusu miguu ya Michée, mshambuliaji wa timu yao. Ndivyo marehemu mwenyewe angetaka. Kama wangekaa chini ya turubai lake wakizungumzia bei ya unga, nadhani angefufuka kwa hasira.

Mke wake, Marceline, aliwasikia kupitia dirisha. Alikuwa sebuleni, juu ya godoro lililotandikwa chini, kichwa kimefungwa kitambaa, dada zake wawili wamembana huku na huku. Mjane hatoki nje kabla ya maziko, wala haingilii mazungumzo ya wanaume. Kazi yake ni kulia na kupokea pole, naye Marceline alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Sasa alikuwa anasikiliza tu.

"Ule mutoto hana kosa," alikuwa anasema Papa Laurent, muuza vitambaa wa katikati ya mji, mtu ambaye hata kilioni huvaa tai. "Banamuachaka peke yake kule mbele. Hakuna hata moja mwenye kumupatia centre, mupira ya muzuri. Buteur atakula nini kama hawamupikie chakula?"

"Chakula?" Lombe, jirani wa nyumba ya pili, akaruka kutoka kitini. "Siku ya Mungu alikuwa na chakula mu sahani, na kijiko mu mukono! Yee na gardien wa goli, bantu babili tu. Alifanya nini? Mupira ilienda kutafuta kazi Zambia!"

Watu wakacheka, wakakumbuka wako kilioni, wakanyamaza, kisha wakacheka tena.

"Mwaka jana alifunga kupita bote," Laurent akashikilia. "Forme inaendaka, inarudiaka. Sawa homa."

"Hii si mambo ya forme, Papa Laurent. Mupira ikimukuta mbio, bila kufikiri, but! Goli! Lakini umupatie muda ya kufikiri, ameharibu. Anaangalia gardien mu macho, analala nyuma, mupira inapanda. Buteur njo muntu mwenye kutulia. Ule hatulie."

Marceline alijua kila neno la Lombe limetoka wapi. Yalikuwa maneno ya mume wake. Mukuka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kila Jumapili aliketi mahali pamoja kwenye tribune, jukwaa la uwanja wa timu ya Étoile ya Kasungami, amevaa koti lake la kijani, redio ndogo imening'inia shingoni, akimpigia kelele Michée. Tangu kijana huyo alipokuwa mtoto mwenye viatu vikubwa kuliko miguu, Mukuka alikuwa na neno moja kwake: "Michée, unachelewa!" Uwanja mzima ulilijua. Ugomvi wa namna hiyo haukumsumbua Marceline. Mume asiyelewa akapiga kelele Jumapili tu, mwanamke atalalamika nini?

Kilichomsumbua ni jambo la Jumapili ya mwisho, ile siku ya Mungu aliyoitaja Lombe.

Siku ile Michée alibaki na golikipa peke yake, akapaisha, na Étoile ikafungwa. Wakati wa kutoka, pale langoni, Mukuka akakutana uso kwa uso na mama wa kijana, Mama Mujinga (kwetu hilo ni jina tu, si tusi), aliyebeba mfuko wa mwanawe. Na Mukuka, mbele ya watu wote, akamwambia: "Mama, tumbo yako ilituletea hasara!" Watu wakacheka. Mama Mujinga hakucheka. Aliweka mfuko vizuri begani akaenda zake.

Mukuka mwenyewe ndiye aliyemsimulia Marceline, tena kwa kicheko, huku anamega bukari, ugali wa kwetu. Marceline akaweka bakuli la mboga chini.

"Ulisema tumbo?"

"Nilikuwa nachekesha bantu."

"Mukuka, miye pia niko na tumbo. Batoto yako bote balitoka humo."

Aliacha kutafuna. Hakumaliza bukari ile, wala hakuwasha redio. Kesho yake alikuwa kimya, na Mukuka akinyamaza, hata kuku wa uani hushangaa. Jumanne jioni akapaka viatu vyake rangi, akaving'arisha, akaviweka karibu na mlango. "Kesho nitaenda kwake," akasema. "Nitamuomba mama pardon. Na mutoto pia." Akalala. Jumatano hakuamka.

Viatu vilikuwa bado pale mlangoni. Marceline alikataza mtu yeyote asiviguse. Alikuwa anamlilia mume wake, ndiyo, lakini chini ya kilio hicho kulikuwa na kingine: kwamba Mukuka anaingia kaburini, na neno la mwisho alilomwachia yule mama ni tusi. Samahani iliyokuwa tayari, imevalishwa mpaka viatu, ilibaki ndani ya nyumba. Anayeijua ni yeye peke yake, naye haruhusiwi kuvuka mlango.

Ndipo Kiki akatokea.

Huku kwetu kilio bila wajukuu hakijakamilika. Wao ndio wenye ruhusa ya kumtania marehemu: huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, huwadai wageni sigara kwa sauti yake. Na mjukuu akishavaa nguo ya marehemu, yeye ndiye marehemu mpaka jeneza lishuke. Hakuna anayemkasirikia. Kiki, mjukuu mkubwa wa Mukuka, mwanamume mzima mwenye watoto wake, alikuwa anaijua kazi hiyo kuliko wote. Akatokea nyuma ya nyumba na koti la kijani, kofia imelalia sikio, redio shingoni, goti moja likigoma kukunjika, kama la babu yake.

"Nyamazeni bote!" akanguruma. "Miye nimekufa, lakini sijakuwa kiziwi!"

Turubai zima likalipuka. Hata dada za Marceline, waliokuwa wanashindana kulia, wakafunika midomo kwa vitenge. Marceline alicheka na kulia kwa pumzi moja. Sauti ile! Kwa kitambo kidogo alimshukuru Kiki kwa kumrudishia mtu wake.

"Lombe, hayo maneno uliiba kwangu. Na weye Laurent, unamutetea ule mutoto juu ya nini? Alinunua kitambaa kwako?" Kiki akachukua kiti, akapanda juu yake, mgongo ameupa lango. "Miye nilimuona tangu kidogo. Nilisema, Michée, unachelewa! Alinisikia? Hapana!"

Wakati huohuo watu waliokuwa wanatazama lango wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja. Marceline akanyoosha shingo dirishani. Michée mwenyewe alikuwa anaingia, na nyuma yake Mama Mujinga, kitenge cheusi kiunoni, mfuko mdogo wa unga kichwani, mchango wa kilio.

Kiki aliona watu wametulia, akadhani wanangoja utamu. Akainua kidole kama babu yake.

"Njo siku ya Mungu nilimuambia mama yake: Mama, tumbo yako ilituletea hasara!"

Hakucheka mtu.

Kiki akageuka. Alipowaona, akashusha kidole. Hakujua kama ashuke kitini au abaki; mila haimruhusu kuvua koti, na haya haimruhusu kulivaa. Michée alitazama chini. Mama Mujinga alishusha unga polepole, akaushika kwa mikono miwili, na ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba anapima kama auache pale au arudi nao kwake.

Marceline akasimama.

"Hapana, Marceline!" dada yake mkubwa akamdaka kitenge. "Mujane hatokake!"

"Uniachie, yaya. Miye njo bibi ya Mukuka."

Akatoka bila viatu, na mlangoni akainama akaokota vile vya Mukuka. Wanaume wakajitenga kumpisha, hawajui watazame wapi. Akafika kwa Kiki, akaviweka mbele yake.

"Vaa."

Kiki akashuka kitini, akavaa. Vilimtosha. Marceline akamvuta sikio karibu akamnong'oneza. Alinong'ona muda mrefu, kwa kile kidogo kilichobaki cha sauti yake, na Kiki akawa anaitikia kwa kichwa, macho yakizidi kujaa maji. Halafu Marceline akampa msukumo mdogo mgongoni, kama anavyosukumwa mtoto anayeogopa kuingia darasani.

Kiki akatembea kutoka pale mpaka langoni kwa lile goti gumu, na safari hii hakuwa anaiga ili watu wacheke. Alipofika mbele ya Mama Mujinga akapiga magoti, yote mawili.

"Mama Mujinga," akasema kwa sauti ya Mukuka, lakini chini. "Nilikuwa nakuya kwako siku ya tatu, ile asubuhi sikuamuka. Viatu nilishapaka rangi, hivi njo vyenyewe. Kifo ikanikamata mbele sijatoka. Ile neno ya tumbo, bibi yangu Marceline aliisikia, akaniuliza kama yeye hana tumbo, na bukari ikanishinda. Tumbo yako ilituletea zawadi. Mudomo yangu njo ilileta hasara. Unisamehe-ko, mama. Na weye Michée, unisamehe-ko."

Mama Mujinga hakumtazama usoni. Alitazama viatu. Viling'aa bado, isipokuwa vumbi la hatua zile chache. Akavitazama mpaka watu wakaanza kuogopa. Kisha akapangusa jicho kwa kiganja.

"Mukuka, weye uko mubaya," akasema.

Mtu mmoja akacheka kwa woga.

"Mubaya sana! Nililia juu yako. Nikapanga maneno, nikayapanga muzuri, siku nitakukuta nikuambie yote. Sasa unakimbilia kufa mbele sijakuambia! Njo uungwana hiyo?" Akamgusa begani. "Simama, baba. Utachafua suruali. Nimesikia. Nimekusamehe, na Mungu iko anasikia. Ulale muzuri."

Akamkabidhi unga. Kiki akaupokea kwa mikono miwili, na sasa alikuwa analia waziwazi, koti la kijani likitikisika mabegani.

Michée akasogea. Kijana huyu si msemaji. Wachezaji wengi wa mbele huacha watu wengine wawasemee, na mara nyingi husemewa vibaya. Alisimama mbele ya lile koti kama mbele ya mwalimu.

"Papa Mukuka, mwaka nilivunjika muguu, bantu bote balinisahau. Hata simu haikulia. Siku moja niliketi inje ya uwanja na magongo yangu, weye ukapita, ukaniangalia, ukapiga kelele: Michée, unachelewa! Nikacheka. Tangu nivunjike sikukuwa nimecheka. Nikajua kama iko muntu moja ananingojea." Akakuna shingo. "Asante, papa. Na ile mupira ya siku ya Mungu ni kweli. Nilikuwa na muda. Niliangalia gardien, nikalala nyuma."

"Mumesikia?" Lombe akaruka. "Mumesikia yeye mwenyewe? Nilisema nini miye?"

"Lombe, nyamaza! Iko anaongea na marehemu!" Laurent akafoka, na hapo hata Mama Mujinga akashindwa kujizuia. Kicheko kilianza kwake, kikaenda kwa wanawake wa sebuleni, kikazunguka turubai lote, na kikachukua muda kutulia.

Marceline hakuwa anajua habari ya magongo. Mukuka hakumsimulia kamwe. Yale mazuri aliyoyafanya aliyasahau njiani akirudi nyumbani. Alisimama pale uani, miguu mitupu, mjane aliyevunja mwiko mbele ya watu wote, na kilichomjaa kifuani kilikuwa shukrani tu. Alimshukuru kijana kwa kuja. Alimshukuru Kiki, na viatu, na huyo Lombe asiyejua kunyamaza. Zaidi ya wote alimshukuru mwanamke yule ambaye angeweza kurudi na unga wake lakini hakurudi nao.

Mama Mujinga akamshika mkono, akamrudisha ndani, akaketi naye godoroni. Baadaye, gari la maziko lilipokuwa linapiga honi nje, akauliza polepole, kana kwamba anajiuliza mwenyewe:

"Sasa nani atamuitaka mwana yangu kule ku tribune?"

Marceline akafunga upya kitambaa cha kichwa.

Alijibu baada ya kuvua nguo za msiba. Jumapili iliyofuata Étoile ilikuwa nyumbani, na watu wa tribune waliona kitu kipya: Marceline, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukanyaga uwanjani, anapanda ngazi na koti la kijani mabegani, anaketi mahali pa mume wake. Mama Mujinga akaketi kando yake na karanga kwenye karatasi. Laurent na Lombe, waliokuwa tayari wanagombana, wakasogea kuwapa nafasi.

Ngoja niseme ukweli, maana mngependa niwaambie alifunga. Kipindi cha pili Michée alipata mpira, akampita beki mmoja, akabaki na golikipa. Alikuwa na muda, muda wote alioutaka. Akalala nyuma, na mpira ukapita juu ya mtambaa panya, juu ya ukuta, ukaenda kwa watu.

Uwanja mzima ukapiga miluzi. Michée akashika kichwa. Na Marceline akajikuta amesimama, mikono kinywani, na ile sauti iliyomkauka kilioni ikatoka nzima:

"Michéeee! Unachelewaaa!"

Miluzi ikakatika. Kule chini kijana akageuka haraka, akatafuta kwa macho safu kwa safu mpaka akaliona koti. Akainua mkono juu, akauacha juu kitambo, kisha akakimbia kurudi mchezoni.

"Keti, yaya," Mama Mujinga akamvuta koti, anacheka na kufuta machozi. "Mechi haijaisha."

"Njo maana nimesimama," akasema Marceline.