Agnesi Alipovalishwa Miwani

Mtoto alikuwa na miezi kumi, jina lake Agnesi, na miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Alizaliwa na ukungu mweupe kwenye mboni. Masista wakampasua hospitalini kwao, ukungu ukatoka, lakini macho yakabaki hayana nguvu mpaka yawekewe kioo. Ndiyo hiyo miwani. Vipini vilikuwa virefu kuliko kichwa chenyewe, basi babu yake, mzee Zefania, akatoboa ncha, akapitisha uzi wa nyavu, akaufunga kisogoni.

Sista alikuwa amewaambia, "Mvalisheni akiwa ameshiba, amefurahi. Kidogo kidogo. Akivua mrudishieni, msimgombeze. Lakini msichelewe. Macho yakizoea kukaa bure mpaka aanze kutembea, hata miwani haitayaamsha."

Haya, kusema ni rahisi. Agnesi aliivua, akaitupa mavumbini, siku moja akaitumbukiza kwenye sufuria ya maharage. Mama yake, Leonia, alikuwa na zamu shamba la kijiji, na mume wake yuko Tanga anakata mkonge, kwa hiyo kazi ya miwani ikamwangukia mzee. Mzee naye ana akili zake. Alichukua waya, akaukunja, akajitengenezea miwani isiyo na kioo, akaivaa ili mtoto aone kwamba hii si adhabu, ni nguo kama nguo nyingine. Akawa anatembea nayo hivyo hivyo mpaka ziwani kuteka maji. Jirani yake Mwinshehe, mvuvi, akamwona.

"Shikamoo bwana mkaguzi. Umekuja kuhesabu kaya?"

"Marahaba. Ya kwako nimeiruka, sikuona mtu wa maana."

"Na humo ndani ya waya unaona nini?"

"Naona sura yako. Ngoja nivue."

Siku ya tano mtoto akatulia na miwani. Ilikuwa asubuhi, mzee amemkalisha mkekani, mlango uko wazi, nje hakuna mtu. Agnesi akageuza kichwa polepole, akatazama kizingitini. Akapiga makofi. Matatu, akanyamaza, akapiga moja. Akangoja kidogo. Akapiga tena.

Sisi Waha tunasalimiana kwa makofi. Mkubwa anasema "Mwakeye" huku mikono inalia polepole, na mdogo anaitikia kwa mikono yake. Kwa hiyo mtoto kupiga makofi si ajabu, alishazoea kuitikia anaposikia. Lakini asubuhi ile hakuna aliyempigia.

Leonia alikuwa amerudi kuchukua jembe. Akasimama hapo hapo.

"Baba, nani kamfundisha hivyo?"

"Si mimi."

"Matatu na moja, baba."

Matatu na moja ilikuwa namna ya Eufrasia, mke wake, mama yake Leonia. Hakuna mwingine aliyesalimia hivyo. Hata ukiwa umelala ndani, ukisikia, unajua ni yeye anaingia uani.

Na Eufrasia alikuwa amekufa. Alifia kule milimani, kijiji cha zamani, mwaka sabini na nne, Leonia akiwa na mimba ya huyu Agnesi, miezi miwili. Siku ya tatu ya msiba likaja lori la operesheni. Kila mtu ashuke ziwani, akae kijiji cha ujamaa. Matanga hayakuanuliwa. Walipakia vyungu, wakapakia kuku, wakang'oa na mlango wa nyumba wakaupakia. Hakuna aliyekwenda kaburini kumwambia marehemu wanakwenda wapi. Zefania akiulizwa husema muda haukuwepo. Muda ulikuwepo. Alikuwa anakimbiza kuku.

Leonia akamvua mtoto miwani.

"Mama anamwita mwanangu. Naitupa ziwani."

"Ukiitupa, mtoto atakuwa kipofu."

"Heri kipofu aliye hai."

"Nipe siku moja, mwanangu. Twende tukamwambie mama yako yale tuliyoacha kumwambia. Akiendelea, utaitupa, na mimi nitakushikia mtumbwi."

Kesho yake wakapanda milimani, Agnesi mgongoni kwa mama yake. Leonia hakutaka miwani ivaliwe. Mzee akamwuliza, "Sasa bila huyu kuona, nani atatuambia kama yupo?" Basi wakamvalisha. Njia nzima mtoto hakuigusa. Majani yanatikisika, ndege wanaruka, mbuzi wa watu amesimama kwenye jiwe; hakuwa na nafasi ya kuvua.

Kijiji cha zamani kilikuwa kimeanguka. Nyasi zimempita mtu kichwa. Kaburi walilijua kwa mawe yake. Zefania akavua kofia, akachuchumaa, akapiga makofi.

"Mama Leonia, mwakeye. Tulihama bila kuaga, kosa ni langu. Ukishuka fuata mto mpaka ziwani, nyumba ya nne kutoka ghala la kijiji. Mjukuu wako huyu hapa. Anaitwa Agnesi."

Wakamweka mtoto chini, amelitazama kaburi. Aling'oa nyasi. Akapiga chafya. Mikono yake haikukutana hata mara moja. Wakangoja mpaka kivuli cha ukuta uliobaki kikahama.

"Baba," Leonia akasema taratibu, "hapa hayupo."

Mzee akashika lile jiwe la juu. Lilikuwa jiwe tu, la moto kwa jua.

"Hayupo. Alishashuka zamani. Huenda alipanda lori lile lile, kakaa na sisi kati ya vyungu."

Leonia akakaa chini. Halafu akasema, "Kama anataka kumchukua, miezi kumi hii alikuwa anangoja nini?"

"Alikuwa anasalimia tu. Kila asubuhi pale mlangoni, na mtoto haoni. Sisi wakubwa hatuitikii."

Wakashuka ziwani.

Asubuhi iliyofuata Leonia alimnyonyesha mtoto mpaka akashiba, akamvalisha miwani mwenyewe, akakaza uzi, akamweka mkekani kuelekea mlango. Akachukua jembe, akapita kizingitini kwa ubavu, kama mtu anayepishana na mwenzake. Shambani mke wa Mwinshehe akamchokoza:

"Umemwachia mzee peke yake? Yule si anasinzia kabla ya mtoto?"

"Wako watatu," Leonia akasema, akaendelea kulima.