Mwalimu Niliyemkataa

Nilimdanganya binti yangu Ugbad nikiwa nakunja mabaibui dukani, bila hata kumtazama. Nilimwambia mwalimu Naimo, wa kumfundisha hesabu nyumbani, hatakuja tena, amekataa.

Naimo hakukataa. Alikuja kwetu siku moja ya majaribio, akamwaga tende kwenye sahani, akamwonyesha Ugbad nusu na robo mpaka zikabaki kokwa tu. Mtoto aliyekuwa akiogopa hesabu tangu darasa la nne alicheka. Palepale nilijua mwalimu ni huyu.

Kisha abti Kerrow, yaani mjomba wangu, kaka yake mama, akapiga simu kutoka Habaswein. Habari za nyumba yangu hufika Habaswein kabla hazijafika jikoni kwangu.

“Amino, Guleid wetu yuko hapo Garissa, amesoma, anakaa tu,” akasema. “Wewe unatafuta mtu wa nje?”

Naimo ni wa Masalani, si wa ukoo wetu. Na abti ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nikasema sawa, abti.

Guleid akaja kumfundisha Ugbad, macho kwenye simu yake. Kazi ya shule ya Ugbad aliifanya yeye, mtoto akanakili tu. Mwandiko wa Guleid niliuona kwenye karatasi za rafu, nikajifanya kipofu. Nilijiambia kumwondoa Guleid ni kumvunjia abti heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa simu moja tu, ya kumwambia abti hapana.

Muhula ulipoisha, Ugbad alipata kumi na moja kwa mia katika hesabu. Hakulia. Aliweka karatasi mbele yangu juu ya meza ya duka.

“Hooyo,” akaniita mama yake, akauliza taratibu, “mwalimu Naimo alinikataa kwa sababu mimi ni mjinga?”

Muhula mzima mtoto alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake, na mimi mama yake ndiye niliyemtwika.

“Hakukukataa,” nikasema. “Mimi ndiye niliyemkataa. Niliogopa kumuudhi abti, nikakudanganya.”

Akafikiri. “Kwa hiyo si mimi?”

“Si wewe.”

Ndipo akalia. Nilinyoosha mkono nimshike, akausukuma, na nilistahili. Nikamwahidi kwamba leo hii nitaongea na abti, kisha tutakwenda wote kwa mwalimu Naimo, nimwombe radhi.

Ugbad akafuta machozi kwa mtandio, akachukua simu yangu, akaniwekea mkononi.

“Mpigie abti sasa,” akasema. “Nataka nisikie.”