Kisima cha Rostislav Ignatyevich

Katika majira yake ya tisa ya baridi huko Taimyr, kwenye barafu ya kaskazini kabisa, Rostislav Ignatyevich, mkuu wa kikosi cha watafuta mafuta, alikuwa na haja moja tu duniani: kupata kiti cha ofisini Moscow kabla baridi haijamkata masikio. Kiti hicho aliahidiwa kwa sharti moja, kisima kimoja kitoe mafuta. Visima vyote vikatoa maji ya chumvi.

Kwenye kisima cha mwisho bomba la kuchimbia lilikwama chini. Wachimbaji wakamwaga dizeli kulilainisha, likanasuka. Kipande cha mwamba kilichofuata kikapanda kinang'aa, kinanukia.

"Mafuta," akasema Rostislav, pua juu ya jiwe.

"Dizeli," akasema Kapitolina Yegorovna, mwanajiolojia wake. "Si tumeimwaga wenyewe juzi, Mkuu? Bonde lote hili halina tone la mafuta."

"Wewe, Kapitolina, hata harusini utatafuta maiti."

"Nikimkuta amekaa mezani, nisiseme?"

Simu ya upepo ikapigwa Moscow, helikopta ikamleta Ndugu Vikenty, kigogo wa wizara. Desturi ya watafuta mafuta ni kupakana usoni yakipatikana. Rostislav akachovya kiganja kwenye ndoo ya yaliyotoka kisimani, akajipaka, kisha akampaka mgeni mashavu yote mawili.

Ujanani mgeni alikuwa dereva wa trekta. Akanusa. Kila mtu kikosini akatazama viatu vyake mwenyewe. Rostislav akakiona kiti cha Moscow kikiondoka kwa miguu yake minne.

Kumbe mgeni naye alikuwa ameshawaahidi wakubwa zake mafuta.

"Mazuri," akasema polepole, akijipangusa. "Mepesi. Mtu angedhani yametoka kiwandani."

"Bonde hili limeyachuja lenyewe, Ndugu."

"Naona."

Vodka ikamiminwa. Mgeni akainua glasi na kutoa hukumu. Kapitolina, aliyeshtakiwa na Mkuu kwa kukosa imani, ang'olewe kaskazini, apelekwe Krimea kwenye jua, akapime maji ya kumwagilia mizabibu. Na kisima akabidhiwe mvumbuzi wake, maana baba hamkimbii mtoto. Akae hapahapa, akichimbe.

Rostislav akaiweka glasi chini.

"Nikae mpaka lini, Ndugu Vikenty?"

"Mpaka mafuta yaishe," akasema mgeni, akijikuna shavu lililoanza kumwasha.