Kengele za Sisili

Kanisa la Marlbeck lilikuwa na kengele nne, na kwa mwaka mzima sasa zilikuwa zinamtukana marehemu.

Ambrosi, mshona glavu, aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu matusi yalikuwa yake na kamba ya kengele ya tatu ilikuwa mikononi mwake. Watu wa pale wana tabia ya kuzivika kengele maneno. Ukitaka kumwaibisha jirani, unatunga ubeti wa kufuata mlio, unauachia kilabuni, na kuanzia hapo kanisa lenyewe linakufanyia kazi. Kengele nne zikizunguka mara mbili, mstari umetimia:

*Sisili muuza pombe,*
*maji nusu kwenye kombe,*
*na yeye ni kama ng'ombe:*
*hukamwa na wapitao.*

Sisili alikuwa mjane, na pombe yake haikuwa na maji ya kuongezwa hata tone. Kosa lake ni kwamba Ambrosi alipompapasa mbele za watu, yeye alimmwagia kikombe kizima kichwani, na kilabu kikaangua kicheko. Ambrosi akarudi nyumbani ananuka kimea, akatunga. Kufikia Pasaka mji wote ulikuwa unaimba. Wanaume wakaanza kwenda kwa Sisili kutafuta kisichouzwa, wake zao wakaanza kutema mate wakipita kwake. Kila Jumapili kengele zilipoanza, alitoka akasimama mlangoni, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesubiri kuitwa, akasikiliza mpaka mwisho. Homa ilipomzidi aliomba kitu kimoja tu, asigongewe kengele. Marlbeck hata mwizi akiwa anakata roho hugongewa, watu wapate kumwombea. Sisili aliondoka kimya kimya, bila dua ya jirani hata mmoja.

Jumapili baada ya maziko, Ambrosi alichungulia kwenye kidirisha cha mnara huku anavuta kamba, akamwona Sisili. Alikuwa mlangoni pake, kichwa upande mmoja. Jumapili iliyofuata pia alikuwapo, na nyingine, na nyingine. Hakuinua macho kutazama mnara hata mara moja. Hilo ndilo lililomtesa Ambrosi, maana angemtazama, angalau angejua anataka nini.

Mchana mmoja wa Mei, Ursula binti Sisili aliingia kwenye karakana yake. Alikuwa ameshatangazwa kanisani kuwa ataolewa na kijana wa mhunzi, imebaki Jumapili moja kabla ya ndoa.

"Mzee Ambrosi, nina shida na kengele zenu."

"Si zetu, binti. Za kanisa hizo."

"Siku yangu zisilie."

"Kamwambie mama wa huyo kijana, ndiye mwenye harusi."

"Nimemwambia. Anasema bibi harusi asiyepigiwa kengele ana tumbo la kuficha. Zisipolia, ndoa hakuna." Aliokota glavu moja mezani, akaigeuzageuza. "Na zikilia, nitapita katikati ya watu wanamwimba mama yangu. Najijua, sitaweza. Nitarudia pale pale mlangoni pa kanisa, na hapa mjini hakuna atakayenioa tena."

"Watu wameshasahau."

"Wewe umesahau?"

Aliuliza bila ukali, na Ambrosi hakuelewa kama anamjua mtunzi au hamjui. 

Alianza kwa kutunga sifa. Aliuimba ubeti wake kilabuni, Sisili mwema, Sisili wa mkono safi. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakageukia vikombe vyao.

"Una homa, ndugu yangu?" alisema Barnabi, mpiga kengele mwenzake. "Hiyo mpelekee kasisi, alale mapema."

Ndipo Ambrosi alipong'amua. Watu wa Marlbeck wasingetupa tusi mpaka wapewe jingine tamu zaidi. Basi angewapa, tena angejitukana mwenyewe. Aliandika kwa mkono wa kushoto, akaubandika ubeti kwenye mlango wa kanisa, na kwa mara ya kwanza tangu maziko yale alijiona mtu mwema.

*Ambrosi mshona glavu,*
*nyumbani ni mpumbavu,*
*akilalia ubavu*
*huota pembe kichwani.*

Hapakuwa na mtoto Marlbeck asiyejua pembe humwota mume wa namna gani: yule ambaye mkewe ana mwingine. Mji ulicheka mpaka ukalia. Watu walimpita wamejisimamishia vidole kwenye paji la uso, naye akawainamia kama bwana mkubwa, akacheka nao. Ilikuwa rahisi ajabu.

Siku mbili kabla ya harusi, mkewe Grisela alirudi kutoka kisimani na ndoo tupu.

"Nani katunga ule upuuzi?"

"Wahuni tu, mke wangu. Niliyetukanwa ni mimi, usijali."

"Wewe?" Grisela aliiweka ndoo chini polepole. "Barnabi kaniuliza kisimani zamu yake ni lini. Mbele za watu. Wewe wanakucheka, Ambrosi. Mimi wananipangia foleni."

"Yatapita."

"Ya Sisili yalipita?"

 Ambrosi aliogopa, na woga ule haukumwacha usiku wala mchana.

Siku ya harusi alipanda mnarani hata hivyo, kwa ajili ya Ursula. Kengele zikaanza. Chini uani watu walikuwa wanacheka, vidole kwenye paji la uso, nyuso zimeelekea mnarani. Ursula akapita katikati yao bila mtu kumtupia jicho. Alisimama kizingitini, akasikiliza kidogo, akaingia.

Ambrosi akatupa macho kwenye nyumba ya Sisili. Mlango ulikuwa umefungwa, na pale mbele hapakuwa na mtu. Machozi yalimtoka kwa kushukuru.

Kisha akatazama ng'ambo ya mtaa, nyumbani kwake. Grisela alikuwa ametoka, mikono ina unga, amesimama mlangoni. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Hakuinua macho kutazama mnara.

Mikono ya Ambrosi ikalegea kwenye kamba.

"Vuta bwana," alisema Barnabi, huku anacheka. "Unaharibu wimbo."

Ambrosi akavuta.